Pikapu Niliyoizidishia Waya

Mwanangu Manka,

Mambo ya kuchemsha maji, ya kuficha nauli na ya wanaume wa mahotelini ameshakueleza mama yako, na shangazi yako wa Sanya Juu naamini saa hizi anayarudia neno kwa neno huku akikujazia sahani. Mimi hapo sina la kuongeza. Nakuandikia kuhusu gitaa lako, na kuhusu neno ulilosema Jumatatu pale kwenye ngazi za jikoni, nami nikakujibu ovyo.

Niko karakanani, mjini, saa tisa mchana. Mlango nimeurudisha nusu ili wateja wajue nipo lakini sitaki maneno. Gitaa lako limelala chali mbele yangu na nimeing'oa pikapu yake, kwa hiyo usishtuke ukiona tundu. Kesho saa nne basi lako linaondoka stendi kwenda Mombasa kupitia Holili, na Jumamosi ile bendi ya hoteli itakupima siku moja tu. Wakikupenda umepata kazi. Wasipokupenda unarudi Uru kumenya ndizi. Najua wimbo utakaowapigia unasimama au unaanguka kwa vile vikengele vyako, zile sauti nyembamba zinazotoka ukigusa uzi katikati bila kuukandamiza. Na najua mwezi huu mzima havitoki.

Jumatatu ulisema, "Baba, vikengele vimekataa. Labda ni vidole vyangu, jembe limeviharibu." Nikakujibu, "Utazoea." Nikaendelea kunywa chai.

Sasa nikueleze vizuri, maana ulipokuwa mdogo nilikuwa nakufukuza hapa karakanani na hukupata kuona. Pikapu ni kitu kidogo tu: sumaku, na waya wa shaba mwembamba kama unywele uliozungushwa maelfu ya mara kuizunguka. Uzi wa gitaa ukitikisika juu ya ile sumaku, waya unapeleka habari kwenye amplifaya. Ukizungusha waya mwingi, sauti inakuwa kubwa. Lakini kila unavyoongeza mizunguko, unazila zile sauti za juu, kidogo kidogo, na vikengele ndivyo vinavyokufa kwanza. Mwisho unabaki na sauti kubwa, nzito kama mtori wa ndizi uliolala. Hilo nalijua miaka kumi na moja sasa. Nimelijua kwa njia mbaya, na ndiyo habari yenyewe.

Mimi ni fundi wa kuwaindi mota. Nimewalisha kwa kazi hiyo, kufunga upya waya wa mota zilizoungua za mashine za kumenya kahawa na za pampu. Kwenye mota, shaba ni nguvu. Mteja hakuulizi mota yake inaimbaje, anakuuliza itasukuma au haitasukuma. Ukikaa miaka ishirini na kazi ya namna hiyo, mkono wako unajifunza kutosimama. Nakuambia hivi uelewe nilikotokea, si kwamba najitetea. Kujitetea nilishafanya vya kutosha.

Unamfahamu Aloyce, yule unayemwita baba mkubwa, wa pale chini njia ya kanisani. Umeliona gitaa lake limetundikwa sebuleni, limefunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya bibi harusi. Ulishawahi kumuuliza mbona halipigi, ukaja kutueleza kwamba amekujibu vidole vilikufa ganzi. Mama yako akasema maskini. Mimi nikatoka nje kwenda kumkatia ng'ombe majani.

Aloyce ndiye aliyekuwa solo wa bendi yetu ya Uru. Mimi nilipiga ridhimu. Tulianza enzi ambazo nyuzi hazikuwepo madukani, tukawa tunafumua waya za breki za baiskeli na kuzifunga kwenye gitaa, na vidole vyetu vyote vilikuwa na makovu. Baadaye mambo yalipofunguliwa, vitu vikaanza kumiminika kutoka upande wa Kenya, nyuzi za kweli, spika, amplifaya zilizotumika. Aloyce akanunua gitaa la mmisionari mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Lilikuwa na pikapu ya koili moja, sauti yake ndogo, inaunguruma kidogo ukisimama karibu na taa. Lakini vikengele vyake, Manka, sijavisikia tena mahali. Hata vyako havijafika pale, nakuambia ukweli kwa sababu najua hutanuna. Au utanuna mpaka Taveta, halafu utaacha.

Kulikuwa na wimbo ambao katikati yake bendi nzima ilinyamaza na yeye akabaki peke yake na vile vikengele, kama dakika moja hivi. Siku moja tulipiga kwenye sherehe ya komunyo. Mama yako alikuwa anapita na sinia la ndizi na nyama, akasimama. Alisimama na lile sinia mikononi mpaka Aloyce alipomaliza, chakula kinapoa, wazee wanamtazama. Tulikuwa tumeoana miaka kumi. Mimi nilikuwa nimepiga mbele yake mara nyingi, nyumbani na kwenye sherehe, na hakuwahi kusimama.

Nilimwonea wivu. Nimeliandika hilo neno baada ya kutembea mpaka mlangoni na kurudi mara mbili.

Mwezi wa kumi na moja mwaka ule ule pikapu ya Aloyce ikakata. Waya umekatika ndani, kitu cha kawaida. Akaniletea hapa hapa, akaiweka kwenye meza hii, akaniambia, "Fundi, mrudishie sauti yake. Usimuongezee kitu." Alikuwa analizungumzia gitaa kama mtu. Nikamwambia usiwe na wasiwasi.

Nilipoufumua waya wa zamani niliihesabu mizunguko yote, kama fundi anavyotakiwa. Nikaiandika ile idadi ukutani kwa penseli. Halafu nikaanza kuzungusha waya mpya, na nilipofika kwenye ile idadi sikusimama. Nikajiambia, Desemba inakuja, Wachagga wote wanarudi kutoka Dar na Arusha na kwingine, kila kihamba kina harusi katikati ya migomba, na unajua mwenyewe inavyokunywa sauti. Watu wa nyuma walikuwa wanalalamika kila mwaka kwamba solo haisikiki. Kwa hiyo namsaidia. Nikaongeza, nikaongeza tena, mpaka koili ikajaa. Nikaichovya kwenye nta ya mshumaa isipige mluzi, nikaifunga kwenye gitaa, nikajaribu.

Sauti ilikuwa kubwa, ya kuringia. Nikagusa uzi katikati. Kimya. Nikagusa tena mahali pengine, ikatoka sauti butu, kama mtu anayegonga debe lenye maharage. Nikajua papo hapo nimefanya nini. Mkasi ulikuwa pale, waya wa kutosha ulikuwa pale, na ilikuwa bado asubuhi. Ningeweza kuifumua na kuirudia kabla ya chakula cha mchana. Nikaifunga vizuri kwenye gazeti, nikampelekea, nikasema, "Tayari."

Kuzidisha waya lilikuwa kosa, lakini makosa ya waya hurekebishwa. Ninalotaka ulijue ni hili linalofuata.

Harusi ya kwanza ya Desemba watu walifurahi sana. Solo ilisikika mpaka barabarani. Wimbo wetu ule ulipofika katikati tukanyamaza, na Aloyce akagusa uzi. Hakikutoka kitu. Akagusa tena. Mara ya tatu akaacha, akavitazama vidole vyake vya kushoto, akavikunja na kuvikunjua, halafu akatuashiria tuendelee. Watu hawakugundua, walikuwa wanacheza. Tulipokuwa tunafunga vyombo akanivuta pembeni. Akaniuliza, "Mbe, ndugu yangu, niambie. Ni kifaa au ni mimi?"

Nikamjibu, "Kifaa kiko sawa."

Maneno matatu tu. Sikuyafikiria hata kidogo, yalitoka kirahisi. Nilidhani nimejiokoa na aibu ya fundi, basi. Sikujua kwamba mtu anayeamini kifaa chake kiko sawa atajitafuta kasoro mwenyewe mpaka aipate. Aloyce aliipata. Alisema vidole vimekufa. Alivichua kwa mafuta, akaacha kushika jembe miezi miwili, akapiga mazoezi mpaka ncha zikatoka damu. Kabla ya Pasaka akaniletea orodha ya nyimbo kwa mwandiko wake na kusema nichukue solo. Gitaa akalitundika ukutani. Nikachukua. Nilipiga solo miaka minne, kwa sauti kubwa sana, hadi watu walipoanza kukodi muziki wa kaseti na bendi ikafa yenyewe. Mama yako hakusimama hata siku moja.

Na mimi miaka yote hiyo nilikuwa nakutana naye baada ya misa. Tunasalimiana, tunaulizana habari za kahawa, tunalalamikia bei, mpaka alipong'oa mibuni yake na kupanda nyanya tukawa tunaulizana habari za nyanya. Nilijizoeza kutotazama mikono yake. Mtu anaweza kuzoea hilo, na unapaswa kulijua, kwa sababu nadhani watu wengi wanafikiri uongo humnyima mtu usingizi. Mimi nililala vizuri tu.

Halafu wewe ukaanza kupiga. Sikukufundisha vikengele, ulivitafuta mwenyewe kwenye kaseti, ukivirudiarudia mpaka kuku wakahama. Nilipovisikia mara ya kwanza nilikuwa juu ya ngazi natengeneza paa, nikashuka. Sikukuambia kitu. Ilipokuja barua ya Mombasa nikasema nitakutengenezea pikapu mpya kwa mkono wangu, usiende na ile ya zamani yenye kutu. Nikakutengenezea. Nikazidisha.

Natamani kukuambia nilisahau. Nilipofika mahali pa kusimama nilijua nimefika. Nilifikiri hoteli ni kubwa, watalii wanaongea huku wanakula, mtoto wangu asije akafunikwa. Ni zile zile hoja za migomba, nimezivalisha nguo nyingine. Na uliponiambia Jumatatu kwamba labda ni vidole vyako, nilikuwa na siku tano za kurekebisha. Nikakaa siku tatu bila kusema.

Siku hizo tatu nilikuwa nafikiri jambo moja. Nilifikiri, akishindwa Jumamosi, Jumatatu atakuwa amerudi. Nilikuona unaingia getini na begi lako, umenuna, mama yako anakuwekea maji ya kuoga. Picha hiyo ilinifurahisha, Manka. Niliiangalia tena na tena. Sitaki uende. Sikuwahi kukuambia kwa sababu nilitaka nionekane baba wa kisasa, na badala ya kukuambia nilikuwa naelekea kukuacha uende ukaamini umeharibika mikono. Jana jioni nikakuona umekaa peke yako unavikunja na kuvikunjua vidole, kwa namna ile ile ya Aloyce. Hapo ndipo nilipoona nimefika mbali.

Leo asubuhi, ulipoondoka kwenda Sanya Juu, nilikata jani la sale kwenye mpaka wa kihamba, nikalifunga fundo kama alivyokuwa anafunga babu yako. Unajua mwenyewe, kwetu mtu akikuletea sale amekuja kukiri, na humfukuzi bila kumsikiliza. Sikuwahi kulibeba maishani mwangu. Nililiweka ndani ya koti nisije nikakutana na watu wakaniuliza.

Aloyce alikuwa anamwagilia nyanya. Alipoliona jani alifunga maji kwanza, akanawa mikono, akanikaribisha kwenye benchi. Nikamweleza yote, kwa mpangilio, ile idadi niliyoandika ukutani, ile asubuhi ya kujaribu, yale maneno matatu. Nilieleza kama ninavyomweleza mteja mota yake imeunguaje, kwa sababu sikujua namna nyingine. Hakunikatiza. Nilipomaliza akasema, "Mke wangu alinipeleka kanisani vidole vikaombewe. Padre aliviwekea mikono mbele ya watu. Wewe ulikuwa benchi la tatu."

Nilikuwa pale. Nilikuwa nimelisahau hilo, au nilijitia kulisahau. Niliitikia amina pamoja na wengine.

Nikaliweka jani kwenye benchi kati yetu. Hakulipokea. Hakulisukuma pia. Akauliza, "Binti yako anajua?" Nikasema bado. Akasema, "Mwambie kabla hajapanda basi. Mambo yangu na wewe yatafuata." Halafu akauliza ni pikapu gani unaenda nayo, nikamwambia hilo ndilo jambo la pili lililonileta, kwa sababu nimeng'oa niliyotengeneza na siuamini tena mkono wangu kuchagua.

Kwa hiyo, kwenye mfuko wa gitaa, nitakaokuachia leo jioni pamoja na barua hii, utakuta pikapu mbili. Moja ni ya koili moja, nimeifunga jana usiku na leo, na safari hii nilisimama pale pa kusimama. Vikengele vyake viko wazi, ila inaunguruma, na hoteli zina jenereta na taa nyingi. Nyingine ni ya koili mbili, imetumika, niliitoa kwa mchuuzi wa Holili. Hiyo koili zake zimefungwa kinyume, kila moja inaufuta ule mngurumo wa mwenzake, kwa hiyo ni tulivu na sauti yake imejaa, lakini vikengele vyake vinataka utafute mahali pake kwa subira. Usichague kwa ukubwa wa sauti. Yenye sauti kubwa kila mara itaonekana nzuri zaidi dakika ya kwanza, ndiyo maana uilinganishe na mwenzake baada ya kupunguza, mpaka zote zisikike sawa. Utakayoifunga usiisogeze sana kwenye nyuzi. Iache chini kwa upenyo wa njiti ya kiberiti. Ikikaribia kupita hapo sumaku inaushika uzi, na uzi ulioshikwa hauimbi. Waya nimeziwekea konekta, bisibisi inatosha, hamhitaji kulehemu.

Nimesema hamhitaji kwa sababu hutachagua peke yako. Aloyce amesema umpelekee gitaa kesho saa moja asubuhi, atazisikiliza zote mbili ukipiga. Hajasikiliza gitaa kwa makusudi kwa miaka kumi na moja. Alisema pia atakuteremsha stendi mwenyewe na kukupandisha basi. Ana sharti moja, mimi nisiwepo. Nisiwepo kwake, nisiwepo stendi.

Nilikubali. Nilikuwa nimeshanunua viatu vya kukusindikiza, na mama yako atauliza, nami nitamweleza kesho baada ya wewe kuondoka, yeye pia ana haki yake kwenye habari hii. Ukiona nimekuaga getini na sikufuati, basi ujue ndiyo sababu. Sijakasirika na sioni haya kulia mbele za watu. Nimezuiwa, na aliyenizuia ana haki ya kunizuia.

Ukifika, tuandikie. Tuambie unalala wapi, chakula kikoje, na kama walikupokea. Lakini ni ipi mlifunga kati ya zile mbili, usiniambie. Mama yako hata ukimwambia hataelewa, na mimi nataka nilisikie kwa Aloyce, siku atakapotaka kuongea na mimi. Kama siku hiyo haipo, basi nitakaa bila kujua.

Baba yako.